Hakimiliki na uandishi wa programu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara Kisumu, Nakuru na Magharibi

Maswali haya yanatoka kwa vijana wanaoandika programu Kisumu, Nakuru, Kakamega na Eldoret: wanaotengenezea sacco, maduka ya dawa za mifugo, shule za binafsi, hospitali ndogo na vyama vya wakulima. Wengi huanza na swali moja: je, sheria ya hakimiliki inamsaidia mtu kubuni, au inamfunga mikono? Nimejibu kwa kufuata sheria ya Kenya, na penye maoni yangu nimeyasema waziwazi. Kesi yenye pesa nyingi ipeleke kwa wakili.

Haya, kwa kifupi: hakimiliki inachochea ubunifu wa programu au inaudumaza?

Inauchochea inapokuwa nyembamba, inaudumaza inapotanuliwa.

Tazama mambo yalivyokwenda. Mpaka mwaka 1969 kampuni ya IBM ilikuwa ikitoa programu pamoja na mashine, bila bei ya peke yake. Mwaka huo ikatangaza kwamba itaziuza kando. Bunge la Marekani nalo liliziingiza programu za kompyuta waziwazi kwenye sheria ya hakimiliki mwaka 1980. Kufikia hapo Unix, mfumo wa kuendeshea kompyuta, ilikuwa imeshaanza kuandikwa tangu 1969, lugha ya programu ya C ilikuwa ikitumika tangu mwanzo wa miaka ya 1970, na VisiCalc, programu ya majedwali iliyowafanya wafanyabiashara wanunue kompyuta ndogo, ilikuwa sokoni tangu 1979. Watu walibuni bila kungoja sheria.

Kilicholetwa na hakimiliki ni soko. Mtu anaandika programu mara moja, anauza nakala mia, analipa nyumba, stima na karo ya mtoto. Hilo si jambo dogo. Anayelipwa hupata muda wa kuandika toleo la pili, na ni kwenye toleo la pili ambapo programu nyingi huanza kuwa nzuri.

Inalinda nini hasa ndani ya programu?

Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 inaihesabu programu ya kompyuta kuwa kazi ya maandishi, kundi moja na riwaya na mashairi. Mkataba wa TRIPS wa Shirika la Biashara Duniani unasema vivyo hivyo, na unaongeza kwamba hakimiliki hulinda namna jambo lilivyoelezwa. Wazo, utaratibu, mbinu ya kazi na kanuni ya hesabu haiyagusi.

Chukua chama cha ushirika cha maziwa kule Njoro. Asubuhi karani anapima maziwa ya mkulima na kuandika lita. Mwisho wa mwezi jumla ya lita inazidishwa kwa bei, halafu yanatolewa makato: chakula cha ng'ombe alichochukua dukani kwa mkopo, dawa, hisa, usafiri. Hesabu hiyo ni ya kila mtu. Ilikuwa kwenye daftari la karani kabla wewe hujagusa kompyuta, na hakuna anayeweza kuimiliki.

Sasa njoo kwenye kazi yako. Umeandika kipande kinachomshtua karani akiingiza lita 400 badala ya 40 kwa mkulima mwenye ng'ombe watatu, kisha kinakataa kuendelea mpaka athibitishe. Umeandika kingine kinachopanga makato yasije yakameza malipo yote ya mkulima kwa mwezi mmoja. Mistari uliyoiandika kufanya hayo ni yako. Jirani akikaa chini akaandika mistari yake mwenyewe inayofanya kazi ileile, hajakuibia. Akichukua faili zako akabadilisha nembo na rangi, amekuibia, hata kama amebadilisha na majina ya vigeu, yaani majina uliyozipa takwimu ndani ya programu.

Naona mstari huo umechorwa mahali pazuri. Ungesogezwa kidogo tu ulinde na ile kazi yenyewe ya kukata mkopo kwenye maziwa, Kenya nzima ingekuwa na programu moja ya maziwa, na wakulima wangelipa bei yoyote ambayo mwenyewe ametaka.

Nilimweleza mtu wazo langu, akalitengeneza yeye. Nifanye nini?

Kwa hakimiliki, hakuna. Najua jibu hili linauma.

Mwaka 2012 Faulu Kenya ilikwenda Mahakama Kuu ikidai kwamba M-Shwari ya Safaricom ilifanana mno na huduma yake ya mikopo ya simu, Kopa Chapaa. Mahakama ilikataa kuisimamisha M-Shwari. Kama taasisi yenye mawakili ilishindwa kuizuia huduma inayofanana na yake, usitegemee hakimiliki ikulindie wazo ulilolisimulia hotelini kwa chai.

Kuna njia nyingine. Kabla ya kueleza, mwombe mwenzako atie sahihi karatasi ya kutunza siri. Jina na nembo ya huduma yako visajili kama alama ya biashara kwa KIPI, taasisi ya serikali inayosajili alama hizo, maana hakimiliki hailindi jina. Kisha andika upesi. Dan Bricklin na Bob Frankston, waliotunga VisiCalc, hawakuwa na hataza juu ya wazo lao. Lotus 1-2-3 ilikuja mwaka 1983 na kuwapita, halafu Excel ikaja mwaka 1985 na mwishowe ikaipita Lotus. Kila aliyefuata aliongeza kitu ambacho wa kwanza hakuwa nacho. Bricklin na Frankston walipata hasara, lakini kila mhasibu wa leo Nakuru anafaidi.

Lazima nisajili?

Hapana. Haki inaanza pale unapoiandika kazi na kuihifadhi. Mkataba wa Berne, ambao Kenya imo tangu 1993, hauruhusu haki hiyo itegemee usajili. Ila Bodi ya Hakimiliki ya Kenya, KECOBO, inasajili kwa hiari, na cheti chake ni ushahidi wa kuanzia mkibishana. Historia ya mabadiliko kwenye Git, chombo kinachotunza kila badiliko unalolifanya, nayo husaidia sana, kwa sababu inaonyesha msimbo, yaani mistari ya programu uliyoiandika, ukikua siku baada ya siku. Mwizi hana historia hiyo.

Nimemtengenezea mteja programu na amenilipa. Ni ya nani?

Hili ndilo swali ninalotamani kila mtu angeliuliza kabla ya kazi, kwa sababu jibu lake linawashangaza karibu wote.

Sheria ya Kenya inasema kwamba kazi iliyoagizwa na mtu asiye mwajiri wako, hakimiliki yake inahesabika imehamia kwa aliyeiagiza, isipokuwa kama mmekubaliana vingine. Soma tena. Mkinyamaza, msimbo ni wa mteja.

Wengi wetu tumejifunzia mambo haya kwenye tovuti za Marekani na Uingereza, na huko mambo ni kinyume. Mtu wa kibarua asiye mwajiriwa kwa kawaida hubaki na hakimiliki ya programu aliyoiandika mpaka atie sahihi kuihamisha. Ushauri mzuri wa huko ukiufuata hapa unaweza kukupoteza kabisa.

Mambo huenda hivi. Mwenye duka la dawa za mifugo Nakuru anataka programu ya stoku: tarehe za dawa kuisha, madeni ya wakulima, malipo ya M-Pesa. Mnapatana bei kwa simu. Unaandika usiku, unafunga kazi, unalipwa, mnaagana vizuri. Miezi baadaye unamwuzia mwenye duka wa Kisumu programu ileile baada ya kuiboresha, na yule wa kwanza anapiga simu: hiyo ni yangu, nililipa. Kisheria ana hoja nzito. Au yeye ndiye anayeinakili na kuwauzia wenzake wa Molo na Gilgil, na wewe huna la kumfanya.

Hapo ndipo ubunifu unapokufa huku kwetu. Mwandishi ambaye kila kazi anaanza upya, kwa sababu vipande vyake vyote vimebaki kwa wateja, hawezi kukua. Hana toleo la pili. Wizi wa nakala nauona kuwa tatizo dogo ukilinganisha na hili.

Dawa yake ni nusu ukurasa. Unaweza kuandika hivi:

*Hakimiliki ya msimbo inabaki kwa mwandishi. Mteja anapewa leseni ya kudumu ya kutumia programu hii katika biashara yake na matawi yake yote. Mteja hataiuza wala kumpa mtu mwingine nakala. Takwimu zote zilizoingizwa na mteja ni mali ya mteja, na mwandishi atazitoa zikitakiwa. Vipande vya jumla ambavyo mwandishi alikuwa navyo kabla ya kazi hii vinabaki vyake.*

Ile sentensi ya takwimu usiiache. Mteja mara nyingi anachoogopa ni kupoteza orodha ya wadeni wake, wala hajali msimbo. Mhakikishie hilo, na mengine atayakubali. Akisisitiza kuumiliki msimbo, sawa, lakini bei ipande, kwa sababu ananunua kitu kikubwa zaidi. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na hapa daftari ni hiyo nusu ukurasa yenye sahihi mbili.

Hata ukiihamisha hakimiliki yote, sheria inamwachia mwandishi haki ya kutambuliwa kuwa ndiye aliyeandika. Itumie unapoomba kazi nyingine.

Na kama nimeajiriwa?

Ulichoandika katika kazi uliyoajiriwa kuifanya ni cha mwajiri, isipokuwa mkataba useme vingine. Programu yako ya jioni iandike kwa kompyuta yako, nje ya saa za kazi, na isiwe jambo lilelile unalolipwa kulifanya mchana. Wanafunzi wa vyuo wasome kanuni za chuo chao kabla ya kuwasilisha mradi wa mwisho, kwa sababu kila chuo kina zake.

Kama hakimiliki ndiyo inayotia moyo, mbona watu wanatoa programu kubwa bure?

Kwa jibu la swali hili huhitaji kusafiri mbali. Mwaka 2001, katika kituo cha afya cha Mosoriot, kaunti ya Nandi, madaktari wa Chuo Kikuu cha Moi na wenzao wa Chuo Kikuu cha Indiana walianzisha mfumo wa kuweka rekodi za wagonjwa kwa kompyuta. Uliandikwa kwa Microsoft Access. Ukatosha kwa kituo kimoja. Lakini huduma za wagonjwa wa Ukimwi zilipopanuka kutoka Eldoret kwenda vituo vingi vya magharibi kupitia mpango wa AMPATH, ilihitajika hifadhidata ya namna nyingine kabisa. Mwaka 2004 kazi ya mfumo mpya, OpenMRS, ikaanza, na mwaka 2006 ikawashwa Eldoret. Leo inatumika katika nchi nyingi, na KenyaEMR, inayotumika katika vituo vya afya nchini, imejengwa juu yake.

OpenMRS ni programu huria. Hospitali yoyote inaweza kuichukua, kuifungua na kuibadilisha. Fikiria ingekuwa imefungwa: daktari Busia anayetaka kuongeza fomu ya kifua kikuu angengoja mwenye kampuni ng'ambo akubali, kisha alipe. Badala yake, Mkenya aliyejifunza lugha ya programu ya Java anakaa na muuguzi, anamsikiliza, anaandika. Wako watu wengi waliojifunza kazi hii kwa kusoma msimbo wa wengine namna hiyo, na mafunzo ya aina hiyo hakimiliki iliyotanuliwa ingewanyima.

Kuna pia Ushahidi, iliyoandikwa kwa haraka mwanzoni mwa 2008 ili Wakenya waripoti vurugu za baada ya uchaguzi kwa simu na ramani. Kwa kuwa ilitolewa huria, mwaka 2010 ilitumika Haiti baada ya tetemeko.

Mambo mawili ni lazima yasemwe hapa. Kwanza, programu huria imesimama juu ya hakimiliki. Leseni ya GPL, iliyotolewa na Richard Stallman mwaka 1989 na kufuatwa na Linux, mfumo huria wa kuendeshea kompyuta, tangu 1992, inakuambia: chukua, badilisha, lakini ukiisambaza, wape na wengine msimbo wako kwa masharti haya haya. Anayeweza kuweka sharti ni mwenye haki peke yake. Bila hakimiliki, GPL ingekuwa ombi tu. Pili, kuna aliyelipa. OpenMRS iliandikwa na watu wa vyuo vikuu kwa fedha za utafiti na misaada, na Linux leo huandikwa kwa sehemu kubwa na watu walioajiriwa na makampuni. Usimwambie kijana wa Kondele, Kisumu, atoe kila kitu bure huku kodi ya nyumba ikimngoja.

Nichague leseni gani?

Ukitaka kazi yako itumike na yeyote, hata na makampuni yanayouza, chukua MIT au Apache 2.0. Ukitaka anayeiboresha na kuisambaza airudishe kwa umma, chukua GPL. Ukitaka kuiuza, usiweke yoyote kati ya hizo.

Kuweka msimbo hadharani kwenye GitHub, tovuti ya kuhifadhia msimbo, bila leseni hakumpi mtu ruhusa ya kuutumia kwenye programu yake. Haki zote zinabaki kwako, na ni hivyo hivyo kwa msimbo wa wengine: ukikuta msimbo usio na leseni, soma, jifunze, lakini usiunakili kwenye kazi ya mteja.

Naweza kuandika programu inayoitikia amri zilezile za mfumo wa mtu mwingine?

Wengi wetu tunaunganisha maduka na M-Pesa kupitia Daraja, huduma ya Safaricom ya kuunganishia programu za watu na M-Pesa, na tunayajua majina ya amri zake kwa kichwa. Tuseme benki moja inaamua kutengeneza huduma ya malipo inayoitikia amri zilezile, ili mwenye duka ahame bila programu yake kuandikwa upya. Je, imeiba?

Marekani iligombania jambo kama hili kwa zaidi ya miaka 10. Oracle iliinunua Sun, iliyotengeneza Java, mwaka 2010, na mwaka huohuo ikaishtaki Google kwa kuweka kwenye Android mistari kama 11,500 ya matamko ya Java, yaani mistari inayotaja majina ya amri na namna ya kuziita. Msimbo unaofanya kazi yenyewe Google walijiandikia. Mwaka 2021 Mahakama ya Juu iliamua, majaji sita kwa wawili, kwamba yalikuwa matumizi ya haki, yaani yanayoruhusiwa bila idhini ya mwenye hakimiliki. Ulaya ilikuwa imeshafika karibu na hapo mwaka 2012 katika kesi ya SAS: kazi inayofanywa na programu, lugha yake na muundo wa faili zake havilindwi na hakimiliki ya programu.

Sheria yetu nayo ina mlango wake. Mwenye nakala halali anaruhusiwa kuhifadhi nakala ya akiba, kurekebisha makosa, na hata kuifumua programu ili apate habari zinazohitajika kuifanya iungane na programu nyingine. Mlango huo ni wa thamani kubwa kwetu, kwa sababu sisi ndio tunaokuja nyuma, tunaunganisha kazi zetu na mifumo iliyokwisha kujengwa. Siku ukifungwa, mwenye mfumo wa kwanza atakuwa mwenye kila kitu kinachougusa.

Huku kila mtu anatumia programu za kunakiliwa. Nani anaumia?

Bill Gates wa Microsoft aliandika barua ya wazi mwaka 1976 akiwalalamikia watu waliokuwa wakinakili programu yake ya lugha ya BASIC. Ukisikia uharamia, ni rahisi kudhani anayeumia ni yeye tu na matajiri wenzake.

Mimi namwona mwingine anayeumia: aliyeandika programu ya uhasibu hapa, yenye makato ya SHA (bima ya afya) na NSSF (akiba ya uzeeni), risiti za KRA (mamlaka ya kodi) na malipo ya M-Pesa, anayeiuza kwa bei ya kawaida. Anashindana na programu ya ng'ambo inayouzwa ghali ambayo fundi wa mtaani anaiweka kwa shilingi mia chache. Bei yake ya kweli ingemfanya mnunuzi atafute ya hapa. Nakala ya wizi inamziba mnunuzi asiitafute.

Nikitumia akili mnemba kuandika msimbo, nani mwenye hakimiliki?

Sheria ya Kenya ililigusa jambo hili mapema. Kwa kazi iliyozalishwa na kompyuta, mwandishi ni mtu aliyefanya matayarisho yaliyohitajika ili kazi hiyo itokee. Marekani imeshika njia nyingine: mwaka 2025 mahakama ya rufaa ya Washington, katika kesi ya Stephen Thaler kuhusu picha iliyotengenezwa na mashine, ilishikilia kwamba mwandishi lazima awe binadamu. Kama unauza huko, weka kumbukumbu ya sehemu ulizoandika na kuzipanga mwenyewe. Na popote ulipo, hakikisha kilichotolewa na mashine si nakala ya msimbo wa mtu wenye leseni yake. Mteja akishtakiwa, atakutafuta wewe.

Hakimiliki inakaa muda gani?

Kenya ni maisha ya mwandishi na miaka 50 baada ya kufa kwake. Kwa riwaya sawa. Kwa programu ni muda mrefu kupita kiasi, na ningependa wabunge waufupishe. Microsoft iliachia msimbo wa matoleo ya zamani ya MS-DOS, mfumo wake wa zamani wa kuendeshea kompyuta, kwa leseni ya MIT mwaka 2018, na toleo la 4.0 mwaka 2024, kwa hiari yake. Nyingi haziachiwi. Kampuni inafungwa, mwenye msimbo anahamia ng'ambo, na shule au zahanati inabaki na programu ambayo hakuna anayeruhusiwa kuirekebisha.

Hilo unaweza kulitengeneza wewe leo bila kungoja Bunge. Kwenye ile nusu ukurasa ongeza sentensi moja: *mwandishi akifa, au asipoihudumia programu kwa miaka miwili mfululizo, mteja anaruhusiwa kuufungua msimbo na kumpa fundi mwingine aurekebishe.* Kisha weka nakala ya msimbo kwenye bahasha iliyofungwa kwa wakili au mtu mnayemwamini wote wawili, na kila ukitoa toleo jipya, badilisha iliyo ndani.